Kuchanganya Saro na Supa jaruba moja: ni kosa au ni akili?

Majaruba Mawili:
Habari wakulima wenzangu. Msimu huu nimesia aina mbili za mpunga, Saro na Supa, kitalu kimoja, makusudi kabisa, sio kwamba mbegu ziliingiliana. Mwaka juzi nilipanda Supa tupu, mvua za mwisho zikailaza yote nikawa navuna na matope. Mwaka jana nikapanda Saro tupu, magunia nikapata lakini bei ilinikata maini. Nikasema nichanganye, moja ikinitupa nyingine inidake. Na shamba lilipendeza, Supa haikulala kama zamani. Sasa juzi nimepeleka nusu mashineni, mnunuzi kachota kiganjani, kapuliza pumba, kaniambia "mzee huu machanganyiko" akanipa bei chini ya Saro. Chini ya Saro! Hivi kuchanganya mbegu shamba moja ni kosa kweli au wanunuzi wanatukomoa?

Fundi Mashine:
Mkuu pole, ila hujakomolewa. Mimi nakoboa mpunga mwaka wa 11 huu. Saro inawahi kukomaa, Supa inachelewa, wewe umevuna siku moja. Maana yake kuna punje zimekauka mpaka zimepasuka kwa ndani na kuna punje bado zina ukijani, zote zinaingia mashineni pamoja. Hapo lazima upate chenga. Chukua mchele wako kiganjani uutazame juani, utaona nyingine inang'aa nyingine nyeupe kama chaki. Mnunuzi anaona hicho hicho. Na tusidanganyane, machanganyiko yako kila mahali, hata huo mnaouita mchele wa Kyela huko Dar mwingi haujawahi kuiona Kyela.

Mwana wa Ipinda:
Umeanza vizuri ukaja kuharibu mwishoni. Kyela imeingiaje hapa? Mtu kauliza kuhusu shamba lake wewe unatuvua nguo sisi wa Kyela. Mchele wetu unanukia kuanzia kwenye sufuria ya jirani, ukipika nyumba ya tatu wanajua. Wanaochanganya ni hao wa mjini, wanachota chochote wanaandika KYELA kwenye gunia. Sisi ndio tunaibiwa halafu sisi ndio tunaambiwa feki.

Dada Ubaruku:
Kaka yangu wa Ipinda, hajasema nyie feki, soma tena. Kasema ukweli tunaouona kila siku. Malori yanapakia hapa kwetu Ubaruku, Usangu, mchana kweupe, yakifika Tandale huko Dar mchele umeshabadili kabila. Na mchele wa Usangu ni mtamu, hauhitaji jina la mtu.

Mwana wa Ipinda:
Kama hauhitaji jina la mtu mbona mnalitumia?

Dada Ubaruku:
Mnalitumia akina nani? Mimi nauza mpunga shambani, napimiwa lumbesa, napewa hela pungufu, jina anabandika mwingine na faida anakula yeye. Usinibebeshe mzigo wa dalali. Nina watoto wanne wanasoma kwa mpunga huu, sijawahi kumwibia mtu wa Kyela hata punje.

Kahama Juu:
Na sisi Kahama mchele wetu unauzwa kwa jina hilo hilo, mbona hatulii? Mnagombania jina kama mirathi.

Majaruba Mawili:
Jamani naombeni turudi, mimi nina jaruba moja bado halijavunwa nahitaji kujua nifanye nini.

Kijana wa Kilimo:
Mzee usivunjike moyo, ulichofanya ni sayansi. Nakumbuka tulifundishwa Wajapani walichanganya aina za mpunga ugonjwa ukaisha kabisa, mavuno yakawa mara mbili.

Mzee wa Kitalu:
Kijana, sio Japani, ni Uchina, jimbo la Yunnan, mwaka 1998 na 1999. Na ugonjwa haukuisha kabisa. Walikuwa na mpunga wa kunata wenye bei nzuri lakini blasti, ule ugonjwa wa ukungu, inaumaliza, wakaupanda katikati ya mpunga unaostahimili. Kwenye ule wa kunata blasti ikapungua kwa asilimia 94 na mavuno yake yakapanda kwa asilimia 89 kuliko ukipandwa peke yake, mpaka wakaacha kupuliza dawa. Ila sikilizeni walivyofanya: hawakumwaga mbegu kwenye kitalu kimoja. Ni mstari mmoja wa mpunga wa kunata, halafu mistari kadhaa ya ule mwingine, na wakati wa kuvuna walikata kwa mkono, kila mmoja kivyake. Shambani wamechanganyika, guniani hapana.

Na lazima mmojawapo uwe unaustahimili ugonjwa. Saro na Supa zote kimyanga, ule ugonjwa wa virusi unaogeuza majani kuwa ya njano, kinazipenda, kirusi chenyewe kilionekana mara ya kwanza hapo Kisumu, Kenya, mwaka 1966 na bado tunahangaika nacho. Ukichanganya wawili wote wagonjwa nani atamkinga mwenzie?

Fundi Mashine:
Sasa si ndio nilichosema mimi? Guniani usichanganye.

Mzee wa Kitalu:
Hapana fundi, wewe umemwambia kosa ni lake peke yake. Ujerumani Mashariki miaka ya 1980 walipanda shayiri ya bia ya mchanganyiko zaidi ya hekta 300,000, ukungu ukapungua sana na bia ikapikwa. Nchi zilipoungana wanunuzi wakataka aina moja tu, mchanganyiko ukafa. Haukufa kwa sababu shambani ulishindwa. Kwa hiyo huyu bwana analo swali la haki: mkulima ndiye anabeba hatari ya mvua na ugonjwa, kwa nini anayepanga shamba lake lipandweje awe mtu anayekuja na lori siku ya mwisho?

Dada Ubaruku:
Mzee shikamoo, hapo umenigusa.

Majaruba Mawili:
Shikamoo mzee. Kwa hiyo hili jaruba lililobaki? Saro imeshakauka, Supa bado ina ukijani kwenye suke. Na nilipanga kutoa mbegu ya mwakani humo humo.

Mzee wa Kitalu:
Marahaba. Mbegu usitoe humo, mwakani hutajua una nini. Saro ni fupi na imeshakauka, utaijua kwa macho. Ingieni na visu, mkate masuke ya Saro sasa hivi, Supa muiache ikomae. Kazi ni ya mgongo lakini ni jaruba moja.

Majaruba Mawili:
Kesho alfajiri naingia na mama watoto na shemeji zangu wawili. Msimu ujao mistari.

Mwana wa Ipinda:
Fundi bado hajaomba radhi kwa lile neno la Kyela. Nasubiri.

Fundi Mashine:
Radhi ya nini wakati wewe mwenyewe umekiri wa mjini wanachanganya?

Mwana wa Ipinda:
Wa MJINI. Soma vizuri. Wa mjini.