Naombeni ushauri: Romney kaanguka, na kaka yangu nimemfukuza

Mama Wawili, Jumapili 11 Novemba 2012

Wapendwa, hamjambo. Naandika kutoka Columbus, Ohio. Kwetu ni Voi. Uraia nilipata 2009, kwa hiyo Jumanne iliyopita ndiyo mara yangu ya kwanza kumpigia kura rais wa Marekani, na nilimpigia Mitt Romney wa chama cha Republican. Najua wengi mtashtuka, Mkenya kumkataa mtoto wa Kogelo. Nisikilizeni kwanza.

Obama simchukii. Kwangu ni suala la mimba kutolewa, na ni deni la nchi, ambalo Septemba lilivuka dola trilioni 16. Kazi yangu ni kulea watoto wa watu. Kila asubuhi nikiwafunga kamba za viatu najiuliza, hawa ndio watakaolipa? Basi tangu Agosti nikitoka kazini nachukua orodha ya chama naenda kugonga milango. Jumamosi nakaanga mahamri nawapelekea wenzangu wa kampeni.

Usiku ule tuliamini tunashinda. Redio zetu zilituambia kura za maoni zimepindishwa, nasi tukameza. Saa tano na robo hivi, runinga ikampa Obama Ohio. Ohio yetu! Karl Rove, mwanamikakati wa chama chetu, akabisha hewani kwamba televisheni ya Fox imetangaza mapema, nasi tukamshikilia yeye. Mfa maji haishi kutapatapa. Kabla ya saa saba Romney akajitokeza kule Boston akakubali kushindwa. Mahamri yangu yalikuwa mezani yamefunikwa karatasi, hakuna aliyegusa hata moja. Nikarudi nayo nyumbani.

Asubuhi nikaenda kung'oa bango uani. Ardhi ilikuwa imekaza kwa baridi, mguu mmoja wa waya ukakatikia chini. Nikachuchumaa pale pale nikalia.

Sasa shida zangu. Jumamosi hii chama chetu cha akina mama Wakenya kinachoma nyama kusherehekea ushindi, na mmoja kanitumia ujumbe, "Msaliti naye aje ale." La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kaka yangu mkubwa yuko Dayton. Yeye ni mlibertariani, wale wanaotaka serikali itoke mfukoni na chumbani mwa mtu. Alimpenda sana Ron Paul, aliyeshindana na Romney ndani ya chama chetu, mwishowe kura akampa Gary Johnson, mgombea wa chama cha Libertarian. Usiku ule nilimpigia nikamwambia, "Nyinyi ndio mliotuuza, na Sikukuu ya Shukrani usije kwangu." Yeye ndiye aliyenilipia tiketi ya kuja Marekani. Hajanipigia tena.

Niende chamani? Kwa kaka nianzie wapi? Na siasa niache kabisa?

Damu ya Nyanza

Dada, umetuaibisha. Mtu wetu yuko Ikulu ya dunia nzima halafu wewe unamgongea milango tajiri ambaye hata jina lako hawezi kulitamka. Lia tu.

Mama Wawili

Ndugu yangu, umesema la moyoni, sina kinyongo. Lakini kule nyumbani sikuwahi kupiga kura kwa ukoo, na huku sitaanza. Ningempigia kura kwa sababu ya baba yake, ningekuwa nimemdharau yeye mwenyewe.

Dereva wa Usiku, Texas

Pole sana dada. Mimi niko upande wa kaka yako, kwa hiyo nitasema wazi. Hakuwauza. Piga hesabu: Ohio mmeachwa kwa zaidi ya kura laki moja, na Johnson jimbo zima hakufikisha hata elfu 50. Florida, iliyotangazwa jana, ni hivyo hivyo. Hata walibertariani wote wangehamia kwa Romney, bado mngelala chini. Kura 332 za wajumbe wa majimbo kwa 206 si pengo la kuzibwa na sisi.

Kitu usichokijua ni kwamba kaka yako msiba wake ulitangulia wako. Agosti kule Tampa, wajumbe wa Ron Paul kutoka jimbo la Maine waliponyang'anywa viti ndani ya ukumbi wa mkutano mkuu wa Republican, baadhi ya watu wetu walitoka nje wakilia. Ulimpa pole? Chama kilichowafungia mlango Agosti kikaja Novemba kuwadai kura. Naye Jumanne alishindwa vilevile. Johnson kapita kura milioni 1, nyingi kuliko chama chake kilivyowahi kupata, na bado haifiki asilimia moja. Mko kwenye matanga mawili nyumba moja.

Mpigie. Usianze na siasa.

Binti wa Mtambwe, Pemba

Mwanangu, pole. Mimi siasa za huko sizijui sana, ila kushindwa nakujua. Nimekuwa CUF, chama kinachoshindana na CCM hapa Zanzibar, tangu mfumo wa vyama vingi urudi. Tumeambiwa tumeshindwa 1995, 2000, 2005 na 2010. Januari 2001 tulizika watu. Nyumba zilikuwa haziendeani kwenye harusi wala maziko. Mtu akipita na jeneza, jirani yu barazani kageuza uso. Mimi na dada yangu wa tumbo moja tulikaa miaka mitatu hatupeani hata chumvi, kwa kuwa mumewe ni CCM. Alipougua, nilifika asubuhi, alikuwa keshakata kauli. Nilimwosha mimi mwenyewe. Hilo bado ninalo hadi leo.

Mwaka 2010 mgombea wetu wa urais wa Zanzibar, Maalim Seif, kapata asilimia 49.1 na Shein wa CCM 50.1. Tulikuwa tayari kwa lolote. Maalim akampa mkono mwenzake, wakaingia serikali moja. Baadhi yetu tulimkasirikia, mimi nikiwemo, lakini watoto wetu hawakulala msituni. Mpigie kaka yako leo, usingoje Shukrani.

Mzee wa Njoro

Mama, mimi nimeona 2007 hapa Bonde la Ufa. Zaidi ya watu 1,100 walikufa kwa ajili ya hesabu ya kura, na mashamba ya jirani zangu hadi leo yana watu wengine. Sisemi uchungu wako ni mdogo, uchungu wa mtu ni wake. Nasema Romney alipiga simu ya pongezi usiku ule ule, na asubuhi ukang'oa bango lako uani bila mtu kukurushia jiwe. Sisi Machi tunarudi kwenye foleni, na tunaomba Mungu tu.

Chamani nenda. Fika mapema, na uwe wa kwanza kusema hongera. Ukishaitoa wewe, hawana tena cha kukuchokoza nacho. Beba mahamri.

Mwalimu wa Minneapolis

Dada, mimi pia mhafidhina, na nimekasirika, ila hasira yangu nyingi ni kwa watu wetu. Redio zilitudanganya kwa sababu tulipenda kudanganywa. Januari mgombea wetu alisema wahamiaji wasio na makaratasi watajiondoa wenyewe nchini, kisha tukashangaa Walatino, wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kumpa asilimia 27 tu ya kura zao. Mlango wangu mimi haukugongwa na mtu wa chama hata siku moja. Wa kwenu uligongwa na nani? Wewe ndiye uliyekuwa ukigonga.

Kwa hiyo usiache. Mwaka 1964 mgombea wetu wa urais, Goldwater, aliambulia majimbo sita. Reagan, aliyemtolea hotuba ya kampeni wiki ya mwisho, alichaguliwa gavana wa California miaka miwili baadaye, na urais akaushinda katika uchaguzi wa 1980. Miaka kumi na sita! Baraza la Wawakilishi bado ni letu, na magavana 30 ni wetu, wa kwako akiwemo. Mwakani Novemba Ohio mtachagua bodi za shule. Hakuna jina la chama kwenye karatasi ile, unakusanya saini za majirani tu, na fomu zinarudishwa Agosti. Wewe unalea watoto na unajua kugonga milango. Ila kwanza pumzika. Zima runinga hadi Krismasi.

Mama Wawili, Jumapili 18 Novemba

Wapendwa, asanteni. Bibi wa Pemba, maneno yako niliyasoma mara tatu.

Chamani nilienda na ndoo ya mahamri, nikasema hongera kabla sijavua koti. Wawili walicheka. Yule wa ujumbe hakunitazama machoni mpaka naondoka, lakini alikula. Mmoja, sitasema nani, alinifuata kwenye gari akaniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye alimpigia Romney, ila mumewe asijue. Kumbe tulikuwa wawili siku zote.

Kaka nilimpigia Jumatatu. Simu ililia sana. Akapokea, akanyamaza. Nikamwambia, "Kaka, pole na Tampa." Kimya. Nikadhani amekata. Kisha akaniuliza kama mama kule Voi ameshapata dawa zake za presha, tukaongea hayo karibu saa nzima. Ya kura hatujayagusa. Mwisho akauliza Alhamisi ya Shukrani alete nini.

Nimemwambia alete mchele na nazi, bata mzinga ninaye. Habari ya bodi ya shule nitamwambia akishashiba.

Mwalimu, zile saini zinatakiwa ngapi?