Beijing–London: mbona saa zinatofautiana hivi kwenye mji uleule?

Kato_Ntinda:
Habari zenu wakubwa. Nakata tiketi hapa Kampala. Wateja wangu ni wafanyabiashara wa Kikuubo, soko letu la jumla hapa mjini, waendao Guangzhou, na siku hizi wapo wanaotaka kutoka China wapitie Ulaya kwanza ndipo warudi Entebbe. Ratiba zinanichanganya. Beijing–London shirika la China lina saa chache kuliko mashirika ya Ulaya yanayoruka Asia Mashariki. Helsinki–Tokyo ilikuwa saa 9 na nusu hivi, leo ni kama 13. Tena kwenda na kurudi havilingani. Mteja akiuliza nimwambie nini? Ni ndege kuukuu?

Dispacha_Kitoro:
Ssebo, ndege haina kosa. Chukua tufe, si ramani ya ukutani, kisha vuta uzi kutoka Helsinki hadi Tokyo. Uzi unalala juu ya Siberia, kilomita 7,800 hivi. Sasa ondoa Urusi. Tangu mwishoni mwa Februari 2022 anga ya Urusi imefungwa kwa mashirika ya Umoja wa Ulaya na Uingereza, na ya Japani yameacha kupita yenyewe. Ya China bado yanapita. Hapo ndipo tofauti yako ya Beijing–London ilipo: mji uleule, njia mbili.

Asiyeruhusiwa ana milango miwili. Wa kusini ni Uturuki, Georgia, Azerbaijan, Bahari ya Kaspi, Kazakhstan, kisha China. Pale Kaukazi ni kama kichochoro: Urusi juu, Iran chini. Iran ikifunga anga, kama Juni 2025, waliokuwa wakipita huko nao wanajazana humo. Mlango wa kaskazini ni kutoka Tokyo kupanda hadi mlango-bahari wa Bering, kuvuka Aktiki na kushukia Norway.

Wala si jambo geni. Enzi za Wasovyeti SAS, shirika la Skandinavia, walifungua Copenhagen–Tokyo kupitia Anchorage mwaka 1957 kwa sababu hiyohiyo.

Upepo_wa_Mkiani:
Nimjibu la kwenda na kurudi. Juu kule, kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi kali ya kaskazini unaweza kupita kilomita 300 kwa saa.

Piga hesabu. Njia ya kilomita 9,000, ndege inakata hewa kwa 900 kwa saa. Bila upepo ni saa 10 kamili. Upepo wa nyuma ukiwa wastani wa 80, unaenda kwa 980: saa 9 na dakika 11. Kurudi unaupinga, 820: saa 10 na dakika 58. Tofauti ni saa 1 na dakika 47. Jumlisha uone: saa 20 na dakika 9, si 20. Upepo haukurudishii ulichokopa, maana unakaa nao muda mrefu zaidi ukiwa usoni kuliko ukiwa mgongoni.

Kwa hiyo anayepanga safari hatafuti njia fupi, anatafuta njia ya dakika chache. Kuelekea Tokyo ni bora apite kusini aupande mkondo. Kutoka Tokyo aukwepe kwa kupanda Aktiki. Ndiyo maana shirika moja linaweza kwenda kwa mlango huu na kurudi kwa ule.

Usiipeleke hesabu hii Entebbe–London. Ile ni kusini-kaskazini, mkondo unakupiga ubavuni, tofauti inakuwa ndogo.

Injinia_Mabawa:
Nyongeza kuhusu aina ya ndege, maana wateja hudhani mpya ni mbio sana. A350 au 787 husafiri karibu Mach 0.85 (Mach 1 ni mwendo wa sauti), A330 karibu 0.82. Kwenye hewa ya nyuzi 56 chini ya sifuri ni kama kilomita 903 dhidi ya 871 kwa saa. Kwa kilomita 9,000 unaokoa dakika 22 tu. Kufungiwa anga kunakula saa tatu.

Aktiki ina tatizo lake: mafuta. Jet A-1 huganda nyuzi 47 chini ya sifuri. Jet A inayouzwa Marekani, 40. Rubani hutakiwa kuyaweka angalau nyuzi 3 juu ya hapo. Yakikaribia, ama anashuka kutafuta hewa isiyo baridi sana, ama anaongeza mwendo ili msuguano wa hewa upashe bawa. Yote mawili yanakula mafuta.

Na mafuta yenyewe ni mzigo. Ukibeba tani 10 za ziada, kila saa unachoma kama asilimia 3 hadi 4 yake kwa kuzibeba tu. Kwa hiyo saa tatu za mzunguko hazimaanishi mafuta ya saa tatu pekee. Uzito ukigonga ukomo, shehena hubaki chini. Waambie watu wa Kikuubo: njia ikirefuka, nafasi ya mizigo hubanwa mapema kuliko viti.

Kato_Ntinda:
Kwa nini wasipite juu ya Tibet wakanyoosha?

Injinia_Mabawa:
Hewa ya ndani ikivuja unatakiwa ushuke haraka hadi futi 10,000. Tibet ardhi yenyewe iko juu ya hapo. Barakoa za abiria kwa kawaida zina oksijeni ya dakika 12 hadi 22, haitoshi. Njia ipo, L888, lakini inataka ndege yenye oksijeni ya kutosha na mawasiliano ya satelaiti.

Dispacha_Kitoro:
Kato, jambo moja la kazini. Ukitafuta muda wa safari, usitoe saa ya kuondoka kwenye ya kufika kama zilivyo kwenye tiketi, zote ni za mahali. Zirudishe kwenye UTC, saa moja ya rejea ya dunia nzima. Mfano: kuondoka Beijing 13:30, toa 8, ni 05:30. Kufika London 17:00 wakati wa baridi, toa sifuri. Safari ni saa 11 na nusu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, London unatoa 1. China, Japani na sisi Uganda hatubadilishi. Na muda huo unahesabiwa tangu ndege inapoachia geti hadi inaposimama, kwa hiyo kutambaa uwanjani kumo ndani.

Kato_Ntinda:
Asante mzee. Na mteja akitaka ile fupi, naitambuaje? Namba za ndege nyingine zinafanana.

Dispacha_Kitoro:
Soma mstari mdogo chini ya namba, ule unaosema ndege inaendeshwa na nani. Tiketi inaweza kuuzwa kwa namba ya shirika la Ulaya huku ndege ni ya China, au kinyume chake. Anayeirusha ndiye anayeamua kama Siberia inapitika.

Kato_Ntinda:
Nimeuona. Miezi yote nimekuwa nikiuruka.