Nimeuziwa viti bandia kwa bei ya viti vya Wegner, na duka limekataa kunirudishia fedha

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira, na naomba mnisome hadi mwisho, hasa ninyi mnaojiandaa kufungua migahawa na nyumba za wageni.

Mwaka jana niliagiza viti 8 vya mgahawa wangu mdogo katika duka moja la samani za kisasa hapa mjini. Niliambiwa, tena nikaandikiwa kwenye ankara, kwamba ni viti halisi vya mbunifu wa samani Hans Wegner wa Denmark, vile ambavyo ubao wa mgongo una umbo la herufi Y, alivyovibuni mwaka 1949 na ambavyo kiwanda cha Carl Hansen & Søn kinavitengeneza tangu mwaka 1950. Nililipa dola 650 kwa kila kiti, yaani dola 5,200 kwa jumla, nusu wakati wa kuagiza na nusu mzigo ulipovuka mpaka wa Kasumbalesa. Ni akiba ya miaka mitatu. Nilikubali bei hiyo kwa sababu nilikwisha kusoma jinsi kiti hicho kinavyotengenezwa: upinde wa juu, unaoegemeza mgongo na mikono, hupindwa kwa mvuke kutoka kipande kimoja cha mbao, na kikalio husukwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi yenye urefu wa mita 120 hivi.

Mwezi wa tatu kiti kimoja kilivunjika kikiwa kimekaliwa na bibi mmoja aliyekuja kula na wajukuu wake. Aliumia kiwiko, na bado yeye ndiye aliyeniomba radhi. Aibu ile ninayo hadi leo.

Nilimwita mjomba wangu, ambaye ni seremala katika mtaa wa Katuba. Alikigeuza kiti miguu juu, akapitisha kucha kwenye upinde uliovunjika, akanionyesha kwamba nyuzi za mbao zilikuwa zimekatwa katikati ya mkunjo. Mbao iliyopindwa kwa mvuke, alinieleza, nyuzi zake hufuata mkunjo mwanzo hadi mwisho. Hii ilichongwa kwa msumeno, vipande vitatu vikaunganishwa kwa gundi, kisha maungio yakafichwa kwa rangi. Nami nikakata kipande cha ile kamba ya kikalio. Kamba ya karatasi ukiifungua msokoto hukunjuka ikawa utepe. Hii ilikuwa nailoni, na nilipoiwashia kiberiti iliyeyuka ikadondosha tone jeusi sakafuni.

Nilirudi dukani na vipande hivyo mkononi. Meneja hakukana. Alisema wateja wangu hawataangalia chini ya kiti, na kwamba hata Wegner mwenyewe aliiga viti vya kale vya China. Jibu hilo ndilo lililoniudhi kuliko hasara yenyewe. Ni kweli kwamba Wegner alivutiwa na viti vya enzi ya Ming, lakini alitengeneza kiti kingine, akakiuza kwa jina lake, wala hakumwambia mtu yeyote kwamba anamuuzia kiti cha Ming. Isitoshe, alikuwa seremala aliyejifunza kazi karakanani kabla ya kuwa mbunifu, na sidhani kama angekubali mbao ya kuungwaungwa namna hii ibebe uzito wa mtu.

Sipingi viti vya kuiga. Kama ningeambiwa ukweli, ningelipa bei ya kiti cha kuiga, au ningempa mjomba wangu kazi hiyo, naye angenitengenezea viti vya mbao ya hapa kwetu visivyomwangusha mtu, na fedha zingebaki Katuba. Walichofanya ni kuandika jina la mtu kwenye ankara ili wanitoze kwa jina hilo.

Nadai dola zangu 5,200 zote, pamoja na gharama ya matibabu ya yule bibi, ambayo nimeilipa mimi. Viti 7 nimeviondoa mgahawani na kuvifungia stoo, na wateja wanakalia viti vya plastiki nilivyoazima kwa jirani. Kile cha 8 nimekihifadhi kama kilivyovunjika, pamoja na ankara yenye mhuri wa duka. Kama nawe umeuziwa viti hivi, usivitupe: vigeuze, angalia nyuzi za upinde, kisha njoo na ankara yako twende dukani pamoja.