Solo Leveling: kivuli gani kilikugusa zaidi? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu, salaam. Nimerudia misimu yote miwili ya Solo Leveling, ile anime (katuni ya Kijapani), sehemu 25, na sitaki tuzungumzie mapigano. Nataka vivuli. Jinwoo, mhusika mkuu anayewinda mazimwi, anasimama mbele ya maiti ya adui, anatamka "inuka", na aliyekufa anaamka akiwa askari wake. Kwangu kilichonigusa ni Igris, yule askari wa kivita aliyepigana naye. Mwisho wa msimu wa kwanza anaitwa, anagoma. Anaitwa tena, anagoma. Nafasi ni tatu tu. Ile ya tatu alipopiga goti nilipiga kelele nikaamsha nyumba nzima, saa nane usiku. Nyie je?

#2
Mimi natoka kidogo nje ya vivuli. Mwanzoni mwa 2025 nilikuwa namuuguza mama wodini. Kila sehemu mpya ikitoka mdogo wangu ananirushia kwenye simu, naangalia kwa sauti ya chini nimekalia ndoo. Siku Jinwoo anamnywesha mama yake dawa na mama anafumbua macho, nilishindwa kuendelea. Jeshi lote lile, na bado kilichokuwa kinamhangaisha ni mama aliyelala. Mama akaniuliza nalia nini. Nikamwambia ni katuni. Akasema hebu nione. Tukaanza upya, namtafsiria neno kwa neno. Aliruhusiwa Aprili, na hadi leo nikienda nyumbani ananiuliza: yule kijana na mama yake wanaendeleaje?

#3
Dada #2, Mungu azidi kumpa mama afya.

Kwangu ni Min Byung-gyu, yule mponyaji. Alishaachana na uwindaji, akarudi kwa ajili ya wenzake kwenda kisiwa cha Jeju kupigana na siafu wakubwa, akafia huko. Jinwoo anamwinua kwa muda mfupi tu ili amponye Cha Hae-In, mwindaji mwenzao wa kike, kisha anamwachia aende. Angeweza kumbakiza! Mponyaji wa kiwango kile jeshini, nani angekataa? Nilimzika rafiki yangu 2023, na nimetamani mara nyingi arudi hata nusu saa. Baada ya pale nilizima simu nikakaa barazani mpaka adhana ya alfajiri.

#4
Basi mniambie kwa nini mnampenda Beru. Huyo mfalme wa siafu ndiye aliyemuua Min, tena akamla, ndipo akapata uwezo wa kuponya. Kibanda umiza cha mtaani kwetu watu walisimama kushangilia alipoinuka kuwa kivuli. Mimi nilibaki nimekaa. Mponyaji kaachiwa, muuaji kapewa jina na cheo. Inaniuma mpaka leo.

#1
Mkuu #4, nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, na sikuliwaza hilo. Igris naye alitaka kumuua Jinwoo, ila ya Beru ni nzito zaidi, nakubali.

#5
Mimi Beru akiinuka namkumbuka Jang Sung-rak, aliyeichora hadithi hii kabla haijawa anime. Alifariki Julai 2022. Sehemu ya kwanza ilitoka Januari 2024. Wale askari aliwachora yeye, na hakuwaona wakitembea.