Mjadala: Hospitali iajiri mkalimani wa alama, au wauguzi wafundishwe?

Mleta mada, Mbeya: Wakuu, kiziwi akifika hospitali za rufaa huku kwetu mara nyingi huja na ndugu wa kumtafsiria. Kuna wanaotaka kila hospitali iajiri mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, na kuna wanaotaka fedha hizo zifundishe wauguzi wawili kila wodi. Mimi niko upande wa mkalimani. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo; shemeji akiwa ndiye anayetafsiri, siri imebaki wapi?

Muuguzi, Iringa: Uchungu hauangalii saa za kazi. Saa tisa usiku mkalimani yuko kwake Kihesa amelala. Muuguzi wa zamu akijua alama 50 tu (maumivu, wapi, tangu lini, damu, sukuma, pumzika) anazalisha vizuri. Na jamani, kanula, ile sindano ya dripu inayobaki mkononi! Muulizeni kwanza anatumia mkono upi. Ukiuchoma na kuufunga plasta mkono wa kuongelea, umemziba mdomo mpaka dripu iishe.

Mkalimani: Dada, alama 50 hazitoshi kumweleza mtu kwa nini anapasuliwa, halafu asaini ridhaa. Na huyo muuguzi mliyemfundisha akihamishiwa Ludewa, ujuzi umeondoka naye. Usiku tumieni simu ya video, ila kwa utaratibu: simu isimamishwe mezani, kama mita moja, si kushikwa mkononi, mgonjwa atazame dirisha au taa, maana mwanga ukiwa mgongoni naona kivuli tu, nimwone kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, kwa sababu uso nao ni sarufi. Mtandao ukikwama wakati anatikisa kichwa kukanusha, "sina mzio" inanifikia kama "nina mzio". Kwa hiyo swali la dawa huulizwa mara mbili.

Mfamasia: Mwenzenu naona kosa kubwa liko dirisha la dawa. Bahasha imeandikwa "1x3", yaani kimoja mara tatu kwa siku. Mtu anameza vitatu kwa mpigo. "Kila baada ya saa 8", anasubiri saa nane mchana. Msiseme tuandike Kiswahili basi, kwa viziwi wengi hiyo ni lugha ya pili. Chora jua linachomoza, jua la utosini, mwezi, na chini ya kila picha vidonge vyenyewe. Kisha yeye ndiye akuoneshe atakavyomeza. Ukimuuliza "umeelewa?" atakubali kwa kichwa, kama sisi sote.

Mchangiaji kiziwi, Mafinga: Hata mkivua barakoa, midomo haisomeki kama mnavyodhani. Baba, mama, papa: kwa macho ni neno moja. Foleni nayo, jina linaitwa kwa sauti, tunarukwa. Wekeni ubao wa namba, au mje mguse bega. Halafu wazee wa vijijini ambao hawakusoma hawajui hata hiyo Lugha ya Alama ya Tanzania, wana alama za nyumbani kwao. Hapo mkalimani anayesikia anakwama. Anahitaji kiziwi mwenzetu akae katikati, amfafanulie hizo alama za nyumbani. Huyo hakuna aliyemtaja kwenye hesabu zenu.

Mleta mada: La usiku nimekubali, na la kiziwi wa katikati sikuwa nimelifikiria. Basi ajira ya mchana, simu usiku. Bando analipa nani?

Muuguzi, Iringa: Likiachiwa mfuko wa aliye zamu, hiyo simu haitapigwa. Liingie bajeti ya hospitali, mstari mmoja na umeme.