Kisiwa cha volkano kwa siku nane: Ngazidja, Réunion au Mauritius?

Kipepeo_wa_Kusi:
Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaovijua visiwa hivi vitatu. Tuko wawili, tuna siku nane, Julai au Agosti. Miguu yetu ni mizima na tunataka kuiona volkano hai kwa karibu, kisha siku mbili za kuogelea. Kipi kinafaa, na kipi kina masharti ya kuyajua kabla ya kukata tiketi?

Jiwe_Jeusi:
Anza na umri wa jiwe. Ukiujua huo, mengine mengi utayabashiri mwenyewe.

Mauritius na Réunion zilizaliwa na chanzo kimoja cha joto kilichoko chini kabisa ya bahari. Bamba la ardhi linasogea, chanzo kinabaki palepale. Mauritius ilitangulia, yapata miaka milioni 8 iliyopita, na sasa imeondolewa jikoni. Réunion ilichomoza miaka milioni 2 hadi 3 iliyopita na bado iko motoni. Ndiyo maana Mauritius imechakaa ikawa ya vilima (kilele chake kirefu zaidi kina mita 828 tu), lakini matumbawe yamepata muda wa kuizunguka karibu yote. Kreta (mdomo wa volkano) ya Trou aux Cerfs pale Curepipe imejaa miti. Ni pazuri, ila hapatoki moto.

Réunion ina milima miwili. Piton des Neiges, mita 3,070, ndiyo ndefu kuliko yote katika Bahari ya Hindi, nayo imelala. Mvua imeichimba ikaacha mabonde matatu makubwa yenye kuta wima: Cilaos, Salazie na Mafate. Mafate haina barabara hata moja. Wakazi na wageni huingia kwa miguu au kwa helikopta. Upande wa pili kuna Piton de la Fournaise, mita 2,632, mojawapo ya volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani.

Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ni volkano hai ya Karthala, mita 2,361, na juu kuna kaldera, yaani bonde lililoporomoka kileleni, ya takriban kilomita 3 kwa 4. Jiwe lake ni changa na lina matundu kiasi kwamba kisiwa hakina mto wa kudumu, ingawa mvua ni nyingi. Maji yote yanazama. Watu hukinga ya mvua kwenye birika za saruji, na mgeni ayatumie akijua hivyo.

Jambo moja linanivutia sana: Aprili 1977 Karthala na Fournaise zote mbili zilitoa lava hadi vijijini. Ngazidja iliangamiza kijiji cha Singani. Réunion ilifika Piton Sainte-Rose, ikaingia mlangoni mwa kanisa na kulizunguka, ila jengo likasimama. Yote mawili unaweza kuyaona leo ukiwa kando ya barabara.

Mama_Njia:
Nitaeleza Fournaise, kwa sababu ndiyo volkano hai iliyo rahisi kuifikia kati ya hizi.

Gari linapita Bourg-Murat, linavuka Plaine des Sables, uwanda wa changarawe nyekundu na nyeusi usio na mti, hadi Pas de Bellecombe kwenye mita 2,311. Hapo ni ukingo wa kaldera ya Enclos Fouqué. Unashuka ngazi zaidi ya 500 ukutani, unapita kilima kidogo chekundu cha Formica Leo, kisha unafuata alama nyeupe zilizopakwa juu ya lava hadi kwenye ukingo wa kreta ya Dolomieu. Kwenda na kurudi wekeni saa tano hadi sita.

Makosa yanayorudiwa na wageni:

Kuchelewa. Mawingu hupanda kutoka baharini na mara nyingi kufikia saa nne asubuhi kilele kimefunikwa. Saa kumi na mbili uwe unashuka ngazi. Laleni Plaine-des-Cafres au kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na Pas de Bellecombe, maana kutoka ufukweni ni kuamka usiku wa manane.

Kuacha alama. Ukungu ukiingia, simama kwenye alama moja mpaka uione inayofuata. Uwanda wote unafanana, na mahali pengine ganda la lava ni jembamba, chini ni tupu. Likivunjika, kingo zake zinakata kama chupa.

Maji. Lita mbili na nusu kila mtu, kwa kuwa ndani ya Enclos hakuna hata tone. Na mbakishe nguvu: zile ngazi mlizoshuka asubuhi ndizo mtakazopanda mwisho, juani.

Baridi. Julai alfajiri joto hukaribia sifuri. Vaeni nguo tatu za kupishana, koti la kuzuia upepo, na buti zenye soli ngumu.

Kipepeo_wa_Kusi:
Asante dada. Na ikilipuka tukiwa huko?

Mama_Njia:
Enclos inafungwa, na ni kosa kisheria kuingia. Kituo cha uangalizi kilianzishwa 1979 baada ya lava ya Sainte-Rose. Mitetemo ikiongezeka na mlima ukianza kuvimba, mkuu wa kisiwa hutangaza tahadhari na lango linafungwa, mara nyingine saa chache tu kabla lava haijatoka. Kwa kawaida lava hutiririka bila mlipuko mkubwa, kwa hiyo watu huitazama wakiwa nje ya kaldera, kutoka Piton de Bert au barabara ya RN2 kutegemea ufa uko wapi. Vaeni miwani: hewani huwa kuna nyuzi nyembamba za kioo kutoka kwenye lava, na zinachoma macho.

Aprili 2007 lava ilikata RN2 na kuingia baharini, na sakafu ya Dolomieu ikaporomoka zaidi ya mita 300. Mwaka huo ndipo ufuko wa Tremblet ulipozaliwa. Chota mchanga wake kiganjani, ugeuze juani: punje nyeusi za lava zimechanganyika na punje za kijani, ambazo ni madini ya olivini. Rudisha chini ulichochota.

Kaldera_Juu:
Karthala nayo isisahaulike, maana wengi huiacha bila kuijua. Ila ni kazi.

Njia zinazotumika zaidi ni ya Mvouni, juu ya Moroni, na ya Boboni. Kwa Mvouni mnapanda zaidi ya mita 1,700. Wenye nguvu sana humaliza kwa siku moja ndefu. Nawashauri siku mbili na hema. Mnaanza mashambani, mnaingia msitu wenye ukungu, kisha vichaka vya erika vilivyokua kama miti, halafu jivu tupu. Kuna bundi ambaye duniani kote anaishi mlima huu tu.

Alama za njia hakuna za kutegemea. Njia za wakulima na wachunga ng'ombe zinakatana na yenu kila mara, na mvua huchimba mifereji mipya kwenye jivu. Mwongozaji ni lazima, na mkubaliane kabla: bei, nani anabeba maji, nani anabeba chakula, na saa ya kuanza. Maji ni lita tano hadi sita kwa kila mtu kwa siku mbili. Watu wengi wanageuza njiani kwa sababu ya kiu, miguu ikiwa bado mizima.

Msilale kwenye shimo ndani ya kaldera. Gesi ya kaboni dioksidi ni nzito, hutuama chini bila harufu. Mwaka 1903 gesi ya mlima huu iliua watu 17. Na Karthala, tofauti na Fournaise, ina tabia ya kukutana na maji chini ya kreta ya Chahalé na kulipuka kwa jivu. Mwaka 2005 jivu liliingia kwenye birika za kunywa za vijiji vingi. Kabla ya kupanda, ulizeni Moroni kama kuna mitetemo.

Ndani_ya_Mwamba:
Kuhusu kuogelea, kwa Réunion fuateni sheria bila ubishi. Tangu 2013, kutokana na mashambulizi ya papa, kuogelea kunaruhusiwa tu ndani ya mwamba wa matumbawe, upande wa ufukweni, na kwenye maeneo yenye walinzi, kama L'Ermitage na La Saline. Pale mwamba unapokatika mkondo unavuta kwenda nje, kaeni mbali napo. Vaeni viatu vya maji kwa sababu ya matumbawe na samaki jiwe. Agosti maji ni nyuzi 23 au 24, na nyangumi wa nundu hupita karibu na pwani ya magharibi.

Ngazidja ina Maloudja kaskazini na Chomoni mashariki, ambako mchanga mweupe umekumbatiwa na lava nyeusi. Maji yake ni ya vuguvugu zaidi. Nje ya ufuko jifunikeni kwa heshima ya wenyeji. Mtu akitaka bahari peke yake, namtuma Mauritius bila kusita.

Pasi_Mkononi:
Karatasi sasa. Réunion ni Ufaransa lakini iko nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya kawaida ya Schengen haitoshi; kibandiko lazima kionyeshe kwamba kinafaa huko, na maombi yanachukua wiki kadhaa. Kama Julai iko karibu, hicho pekee kinaweza kuamua. Komoro viza hutolewa mkifika. Bebeni euro taslimu: faranga ya Komoro imefungwa kwenye kiwango cha 491.96775 kwa euro moja, na mashine za kutolea pesa msizitegemee nje ya Moroni. Mauritius raia wa nchi nyingi za Afrika hawahitaji viza kabla ya safari.

Mama_Njia:
Mkichagua Réunion, Fournaise iwe siku ya pili, isiwe ya mwisho. Mawingu yakikataa au lango likifungwa, mnashuka Cilaos siku mbili na kujaribu tena siku ya tano. Bahari iwe siku mbili za mwisho, upande wa magharibi. Mashariki hupata mvua hata wakati wa kiangazi. Vitanda vya milimani huwekwa miezi kadhaa kabla, hasa kile cha Caverne Dufour chini ya Piton des Neiges. Tiketi isubiri mpaka mjue kitanda kipo.