Gemu: ninunue diski au nipakue?

Mchangani: Jamani, nina mashine ya gemu, PS4, na laki moja nimeibana tangu Ramadhani. Gemu ya mpira ninunue diski Darajani au nipakue? Bando langu halifiki hata nusu mwezi.

Kibanda cha Mlandege: Diski, yakhe. Mimi nachezesha vijana, tivi tatu. Gemu ikinichosha nabadilishana na mwenzangu wa Kikwajuni, akinidai naongeza elfu kumi. Ya kupakua nitambadilishia nani, na imefungwa kwenye akaunti yangu? Ila diski igeuze utazame mgongo kabla hujalipa. Mimi niliuziwa yenye ufa katikati, nikagundua niko nyumbani na futari inaniita.

Wete: Diski nayo si hirizi. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, ilitegemea seva, yaani kompyuta za kampuni za mtandaoni. Zilipozimwa Machi 2024, mwenye diski na aliyepakua wote wakabaki wanatazamana.

Kibanda cha Mlandege: Hilo kweli, lakini huyu anataka kupigana mabao na nduguye sebuleni. Na ukija kununua PS5, angalia isiwe ile isiyo na tundu la diski.

Mchangani: Haya ami, Jumamosi nakuja. Unipunguzie.